Njoo na Mtoto, Halafu Nieleze Njia

Jumamosi ndiyo siku yangu ya skuta. Siku nyingine kibanda changu hapa Mabatini, Mwanza, kinajaa baiskeli za wauza maziwa na za vijana wa mikate, lakini Jumamosi akina mama wanashuka kutoka mlimani, skuta ya mtoto imening'inia begani kama jembe. "Mwangaluka, fundi." "Mwangaluka, mayu." Kisha naonyeshwa gurudumu la mbele lililomeguka, nami naelewa hata kabla sijauliza: ilinunuliwa kwa rangi.

Skuta ninayoisema ni ile ya mguu. Mguu mmoja unasimama juu ya ubao, mwingine unasukuma ardhi. Pikipiki aina ya skuta ina mafundi wake. Ya betri nayo siigusi leo, maana mwenye ya betri anachonunua hasa ni betri, skuta ni nyongeza.

Mtu akija kabla ya kununua, na hao ni wachache, namuuliza itapita wapi. Wengi wanashangaa. Walijiandaa kunitajia umri wa mtoto na kiasi kilichopo mfukoni. Lakini Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na njia tofauti kabisa: huyu ana baraza la simenti na geti linalofungwa, yule wa ng'ambo ana kijia cha changarawe kinachopenya kati ya majabali, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi kijia kimefunikwa na mchanga ulioporomoka kutoka juu. Iko pia mitaa ya mlimani iliyotandikwa mawe. Inapendeza, gari linapita vizuri, ila ukiwa juu ya skuta ya magurudumu madogo meno yanagongana.

Tuanze na gurudumu basi, maana ndilo linalokutana na hiyo njia. Skuta nyingi za watoto zina gurudumu la milimita 100 au 120, kama upana wa kiganja changu na kidogo zaidi. Juu yake kuna 145, halafu 180, 200, hadi 230. Baada ya hapo unaingia kwenye tairi za upepo, nyingi inchi 12 na kuendelea, zinazofanana na za baiskeli ya mtoto.

Mimi nina kipimo changu cha kizibo cha soda. Nakilaza kizibo sakafuni, naisukuma skuta polepole kwa mkono ikipite. Kizibo chenyewe hakifiki sentimita moja kwenda juu. Gurudumu la 100 linagota, mkono unausikia mshtuko. Mtoto angekuwa juu yake na kasi, skuta ingesimama na yeye angeendelea na safari. La 200 linapanda na kushuka, unasikia mguso tu. Gurudumu kubwa linakikuta kizibo chini ya tumbo lake, dogo linakikuta karibu na pua. Tena la 100 linamaliza mzunguko kila sentimita 31 hivi, la 200 kila sentimita 63, kwa hiyo kwa safari ileile beringi za gurudumu dogo, zile pete za gololi zilizo katikati yake, zinazunguka mara mbili zaidi, na vumbi letu mnalijua.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Baraza, ukumbi, uwanja wa basketi: 100 hadi 125 inatosha, usitupe hela. Lami, au vitofali vyenye mianya: mtoto apande 145, mtu mzima 180 au 200. Mawe yaliyotandikwa na changarawe: tairi ya upepo, vinginevyo mtembee. Mchangani hakuna skuta, shuka uibebe.

Usiangalie ukubwa peke yake. Bonyeza gurudumu kwa ukucha. Likiwa plastiki tupu, ukucha unateleza na kutoa mlio mkavu. Hilo litapasuka, tena lina kelele ya kuamsha mtaa. Likiwa la mpira mgumu wa poliyurethani, ukucha unahisi kama linakubali kidogo. Mengine yameandikwa ubavuni 82A, 85A, 88A. Hicho ni kipimo cha ugumu: namba ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi, linakimbia kwenye sakafu laini na kukuadhibu kwenye mbaya. Kwa njia zetu mimi huchukua namba ndogo.

Tairi ya upepo ina raha yake na mbigiri zake. Ukichukua ya inchi 12 na nusu, tyubu yake ni ileile ya baiskeli ndogo ya mtoto, fundi yeyote anayo. Ukiniletea kijitairi cha inchi 8 kilichoandikwa 200x50, nitakutengenezea, lakini tyubu yake nitaitafuta wiki nzima na wewe utakuwa unanipigia simu kila asubuhi.

Sasa mpandaji. Njoo naye, narudia, njoo naye. Wazazi wana tabia ya kununua skuta kama sare ya shule, "ya kukulia". Sare kubwa inakunjwa pindo. Skuta kubwa mtoto wa miaka sita anaiburuza, usukani uko kidevuni, na akianguka ule usukani ndio unaompiga mdomoni. Msimamishe juu ya ubao na viatu vyake: mikono ya usukani ije kati ya kitovu na kifua, viwiko vikunjike kidogo. Nyingi zina bomba la kupandisha na kushusha, kwa hiyo skuta inayomfaa leo kwenye tundu la chini itamfaa pia baada ya miaka miwili. Huko ndiko kukulia. Kisha mwambie ainyanyue kwa mkono mmoja na atembee nayo hatua kumi. Akishindwa, wewe ndiye utakayeibeba kila jioni kupanda mlima.

Geuza ubao uusome chini. Kwa kawaida kuna kibandiko cha uzito: 20 kwa vile vidogo vya matairi matatu, 50 kwa vya watoto wakubwa, 100 kwa vya watu wazima. Hizo ni kilo za anayepanda pamoja na begi lake. Kijana mmoja wa soko la samaki la Mwaloni alitaka nimtafutie skuta ya kusogezea magunia ya dagaa. Nikamwambia anachokitaka ni chukudu, ile skuta ya mbao ya watu wa Goma, kule Kongo, inayobeba magunia ya viazi na mkaa kwenye miteremko yao. Mjini kwao wameijengea hata sanamu. Ila chukudu ni jitu zito la mbao, gunia ni lake. Hizi zetu za alumini za kukunja, ukiweka gunia ubao unapinda kama ulimi. Alinunua toroli.

Mtoto wa miaka miwili hadi minne au mitano: magurudumu matatu, mawili mbele, ile inayogeuka mtoto anapoinamisha mwili. Hiyo ni ya baraza, haina mjadala. Mahali penye mteremko inachukua kasi, na kamguu kadogo hakana uzito wa kuisimamisha.

Kijana anayetaka kuruka na kuzungusha ubao hewani anahitaji skuta ya michezo: haikunjwi, usukani umeungwa kipande kimoja, kiini cha gurudumu ni cha chuma au alumini, kipenyo 110 au 120. Akirukia ile ya kukunja, komeo litaachia siku moja na siku hiyo hataisahau. Lakini asiniambie ataiendea shule kwa hiyo ya michezo. Ni fupi, ni nzito, inamkunja mgongo.

Mtu mzima. Hapa nina mengi, kwa sababu wanaongezeka. Wim Ouboter wa Uswisi, mmoja wa waliozifanya hizi skuta za kukunja zitapakae duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000, alianza kwa kutaka kufika kwenye banda la soseji mjini Zürich: mbali kwa miguu, karibu mno kwa kutoa gari. Safari za namna hiyo tunazo tele. Mteja wangu mmoja anashuka daladala mjini, anaikunjua, anaserereka hadi ofisini kwake, jioni anaikunja na kuiweka kati ya miguu. Konda alilalamika wiki ya kwanza. Kwake nilitazama mambo mawili: magurudumu ya 200, na ubao ulio chini.

Ubao ulio chini watu hawaujui. Kila unaposukuma, goti la mguu uliosimama linakunjika ili mwingine ufike ardhini. Ubao ukiwa juu, unachuchumaa kwa goti moja mara mia tano kabla hujafika. Dukani fanya hivi: simama, sukuma mahali pamoja mara ishirini ukikanyaga ardhi kwa unyayo mzima. Goti likianza kuuma kwenye ya kumi na tano, irudishe. Na ujifunze kubadilisha mguu, la sivyo paja moja litakuwa la mwanariadha na lingine la karani. Mzee mwenye magoti mabovu akiniuliza, namshauri baiskeli. Ile ina kiti.

Breki nimeziacha hadi hapa kwa aibu. Skuta nyingi breki yake ni madigadi la nyuma: unalikanyaga, linasugua gurudumu. Siku moja nilimaliza kutengeneza skuta ya mwalimu mmoja, nikaamua kuijaribu kwenye mteremko wa hapa nyuma. Manyunyu yalikuwa yamepita. Nikakanyaga madigadi; gurudumu limelowa, madigadi limelowa, vikateleza kama sabuni na sahani. Nikakanyaga zaidi. Niliishia ndani ya meza ya mama muuza nyanya. Nililipa sado mbili, na hadi leo ananiita Breki mbele ya wateja wangu.

Kwa hiyo: mahali tambarare, madigadi linatosha. Anayeishi mlimani, mtoto au mkubwa, atafute yenye breki ya mkono pamoja na ile ya mguu, na ya mkono aijaribu akiwa anatembea pembeni ya skuta, asingoje kuwa juu yake. Mteremko ukiwa mrefu, madigadi linapata moto na kuila poliyurethani. Shuka, tembea. Na kandambili hapana, kisigino kinaingia nyuma ya ubao kwenye gurudumu. Helmeti iwe ya baiskeli inayomkaa. Ile ya bodaboda inamlemea mtoto shingo.

Za mtumba ni nzuri kuliko watu wanavyofikiri, mimi mwenyewe mwanangu anapanda ya mtumba. Lakini iangalie mchana, sio kwa tochi ya simu. Banisha gurudumu la mbele katikati ya magoti yako, shika usukani, sukuma na kuvuta. Ukisikia ka-ka-ka kwenye shingo, huenda ni nati ya kukaza, na huenda ni komeo la kukunjia lililolika. Muuzaji akaze kwa elenki, ile spana ya kijiti kilichopinda, mbele yako. Ikiendelea kulia, achana nayo. Pitisha kidole kwenye maungio ya kuchomelea, hasa pale bomba la mbele linapokutana na ubao. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuikataa. Tazama gurudumu la nyuma: likiwa na bapa upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa anapenda kuburuza breki, utalibadilisha. Ncha za usukani ziwe na vifuniko. Bomba wazi mtoto akiliangukia kwa tumbo ni hospitali.

Mwisho zungusha kila gurudumu kwa kidole. Likikwaruza kama linasaga mahindi, usiogope, hilo ni la kupunguzia bei tu. Beringi za karibu skuta zote za magurudumu magumu ni za namba moja, 608: tundu la milimita 8, nje 22, unene 7. Kila gurudumu linachukua mbili. Ukipita kwenye tope, pangusa kwa kitambaa kikavu, usielekeze mpira wa maji kwenye beringi. Na ukienda duka la beringi sema 608, basi. Ukisema "beringi ya skuta" utaletewa ya pikipiki, utaniletea mimi, na mimi nitakurudisha hukohuko.