Breki za Mustang ya 1967: ni za kiwandani kweli?

Ukitaka kununua Ford Mustang ya 1967 na muuzaji anaapa breki za diski za mbele ni zile zile za kiwandani, omba gurudumu lifunguliwe, uchukue tochi na brashi ya waya. Hesabu pistoni za kalipa (kifaa kinachobana diski) kwanza. Za kiwandani ni za kampuni ya Kelsey-Hayes, pistoni nne, mbili kila upande wa diski. Ukikuta pistoni moja, hizo ni za kuanzia 1968 au za baadaye, mtu amebadilisha. Si kosa, pengine zinashika vizuri tu, ila bei ya "orijino" usiilipe.

Kisha sugua kutu utafute maandishi kwenye chuma. Kwenye namba ya spea, herufi ya kwanza C ni miaka ya sitini, D ya sabini, na tarakimu inayofuata ni mwaka wa usanifu. C5 au C6 kwenye gari la 1967 isikushtue, spea za usanifu wa nyuma ziliendelea kutumika. D0 ndiyo inayomuumbua muuzaji. Tarehe ya kusubu (kumimina chuma kwenye kalibu) husomwa hivi: 7C14 ni Machi 14, 1967; 7 ni mwaka, C hapa ni mwezi wa tatu, 14 ni siku. Gari lenyewe likiwa limeundwa Januari mwaka huo, muulize vizuri.