Namna ya kumwanzishia mtoto kuruka kwa upondo hapa Mwanza, tukimfuata Duplantis

Tarehe 15 Septemba 2025 Watanzania wengi tunaikumbuka kwa Alphonce Simbu, kule Tokyo, dhahabu ya kwanza kabisa ya nchi yetu kwenye mashindano ya dunia ya riadha, marathoni ya 2:09:48, yeye na Mjerumani wamepewa muda uleule mpaka picha ndo ikaamua. Sa siku ileile, jiji lilelile, usiku wake, Armand Duplantis wa Sweden akaruka mita 6.30 kwa upondo, ile fito ndefu ya kujinyanyulia, na kuvunja rekodi ya dunia kwa mara ya 14. Tangu hapo nimeona watoto huku Mabatini na Igoma wanaokota mirunda ya mafundi na kurukia mitaro, na ndo maana naandika hii, kwa sababu hamu wanayo kweli ila mrunda na mtaro vinavunja mikono. Mtu mzima anayejua hatua za mwanzo akisimama pembeni, mambo yanakuwa mengine kabisa.

Kabla ya mti na mchanga tumwangalie huyu bwana kidogo maana mafunzo yenyewe yamo humo. Kazaliwa 10 Novemba 1999 Lafayette, Louisiana, Marekani. Baba yake Greg alikuwa mrukaji wa upondo wa kiwango cha juu, aliwahi kufika 5.80, na mama yake Helena ni Msweden aliyecheza michezo saba ya riadha na mpira wa wavu. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na njia ya kukimbilia na godoro la kuangukia, na mtoto akaanza kuruka akiwa na umri ambao huku kwetu bado hajaandikishwa darasa la kwanza. Hakuna shirikisho hapo wala mfadhili, kuna mzazi tu anayetoka nje kila siku. Na mpaka leo baba ndo kocha wake wa ufundi na mama ndo anasimamia mazoezi ya mwili.

Akaamua kuchezea nchi ya mama. 2015 bingwa wa dunia wa vijana kule Cali, Colombia, kwa 5.30. 2018 Berlin, ana miaka 18 tu, anaruka 6.05 na kuwa bingwa wa Ulaya mbele ya wakubwa. 2019 Doha akakosa dhahabu, yeye na Sam Kendricks wa Marekani wote walivuka 5.97 lakini Kendricks alikuwa na makosa machache kwahiyo akachukua yeye, na hili mtoto wako alijue mapema, kwamba kugusa ukaangusha mtambaa panya, ule mti wa juu wa kuvukwa, kwenye kimo cha mwanzo kunaweza kukugharimu mwishoni kabisa. Afu 8 Februari 2020, Toruń, Poland, 6.17, akaipita ile 6.16 ya Mfaransa Renaud Lavillenie iliyokaa tangu 2014, na wiki moja baadaye Glasgow 6.18. Kuanzia hapo ni sentimita moja moja hadi 6.25 kwenye Olimpiki ya Paris Agosti 2024 kwa jaribio lake la mwisho, 6.28 mbele ya watu wake Stockholm Juni 2025, 6.29 Budapest Agosti, na hiyo 6.30 ya Tokyo.

Sentimita moja. Mpaka hapo Tokyo ni rekodi 14 na kila moja kaiongeza sentimita moja tu, wengine wanasema anafanya hivo kwa ajili ya bonasi, na kweli kila rekodi ina hela yake na hata Sergey Bubka, mrukaji wa upondo wa Ukraine, zamani aliongeza kidogo kidogo hivohivo mpaka akafikisha rekodi 35, lakini kwangu mi cha kuiga ni utaratibu wenyewe. Nunua daftari, andika tarehe, andika umbali alioruka, na ongezeko liwe dogo mpaka mtoto mwenyewe aone aibu kulikosa.

Jambo la pili la kuiga ni mbio, na hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wengi wanakosea, wanadhani huu mchezo ni wa mikono yenye misuli. Septemba 2024 Zurich, Duplantis alishindana mita 100 na Karsten Warholm, yule Mnorway wa mita 400 kuruka viunzi, na mrukaji akamshinda mkimbiaji, 10.37 kwa 10.47. Anapofika kwenye kisanduku cha kusimikia upondo anakuwa anakimbia zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Hiyo spidi ndo inaingia kwenye upondo, upondo unapinda, afu unanyooka na kumrudishia ile nguvu kwenda juu. Mikono inashika na kuongoza tu. Kwahiyo mtoto asiyependa kukimbia usimlazimishe huku, na anayependa kukimbia muanzishe hata kama ni mwembamba kama njiti.

Haya, tuingie kazini.

Mahali. Mji wetu ni wa mawe na miteremko, kupata mita 30 au 40 tambarare ni shughuli, lakini shule nyingi zina shimo la mchanga la kuruka chini na hilo ndo linatufaa. Ongea na mwalimu mkuu na mwalimu wa michezo, usiingie kimyakimya. Shimo lilimwe na jembe kila siku kabla ya kuanza mpaka mchanga uwe laini na jembe lizame lote, afu pitisha reki utoe mawe, vizibo vya soda na vipande vya chupa. Mchanga wa kuongezea ukitoka ziwani uanikwe juani ukauke na uchekechwe, maana unakuja na makombe ya konokono na yanakata miguu vibaya, na watoto wasitumwe kwenda kuuchota majini kwenye majani, kichocho kipo. Muda mzuri ni asubuhi mapema. Mchana upepo wa ziwani unaamka na ukimpiga mtoto usoni wakati anasimika upondo unamrudisha nyuma, anaanguka kwenye udongo mgumu badala ya mchanga. Kama ni lazima iwe jioni basi angalia upepo unatoka wapi, uwe mgongoni kwake, la sivyo siku hiyo mkimbie tu.

Upondo. Usitumie mrunda, ni mzito na ukipasuka unatoa ncha. Usitumie pondo la mvuvi pia, lile limetengenezwa la kusukumia mtumbwi. Bomba la chuma la maji usiliguse kabisa. Tafuta mwanzi mkavu, ulionyooka, wa mita mbili na nusu hadi tatu kwa mtoto wa miaka 10 hadi 13, unene ambao kiganja chake kinaushika vizuri. Na mwanzi usiudharau, mwaka 1942 Mmarekani Cornelius Warmerdam aliruka 4.77 kwa mwanzi, pondo za faiba zilikuja kutawala miaka ya 1960. Uupime hivi: uweke juu ya mawe mawili, moja kila mwisho, we mtu mzima ukandamize katikati kwa mikono na uzito wako, kwa taratibu, huku umetega sikio. Ukilia "ka" hata kidogo, ukate uwe fito za bustani. Ukinyamaza, zungushia tepu pale kwenye vifundo na pale mikono itakaposhika, afu ncha ya chini ifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli tabaka kadhaa ili isipasuke na isizame sana mchangani. Upime upya kila siku ya mazoezi, maana mwanzi unazeeka kimyakimya.

Kushika. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mkono wa kulia unakuwa juu, wa kushoto chini yake, nafasi kati yao kama upana wa mabega au zaidi kidogo. Mwambie asimamishe upondo wima pembeni yake, anyooshe mkono wa kulia juu mpaka mwisho, pale alipofika weka alama ya tepu nyekundu. Hapo ndo mshiko wake wa kuanzia, na hautapanda mpaka wewe useme. Watoto wote wanataka kushika juu zaidi, wanajua juu ndo kuna kimo, na hiyo ndo hatari yenyewe kwa sababu ukishika juu kuliko spidi yako, upondo haufiki wima, unasimama katikati na kukurudisha ulikotoka.

Mwanzo ni kutembea tu, nasema kutembea. Upondo uko juu ya kichwa, mkono wa juu umenyooka, hatua tatu za pole, ncha inagusa chini mbele yake kwenye mchanga, mguu wa kushoto ndo unasukuma ardhi, goti la kulia linapanda, mwili unapita upande wa kulia wa upondo na anatua kwa miguu miwili. Simama pembeni umtazame mkono wa juu wakati ncha inagusa. Ukiuona umejikunja kwenye kiwiko, anarudia. Ukiuona umenyooka na kifua kimekwenda mbele, mpe sifa kwa sauti. Kazi hii ifanywe wiki kadhaa, itachosha, na watakaobaki baada ya hapo ndo waliopenda kweli.

Akishaweza kutembea, aanze hatua tano za kukimbia polepole, afu saba. Hapa ananing'inia kwenye upondo na kuuacha umbebe mbele. Pima umbali, sio kimo. Chora mstari mchangani kwa kidole, jana alitua hapa, leo atue hapa, andika daftarini. Mimi kwenye mchanga siweki mtambaa panya kabisa, naweka labda kamba ya mpira usawa wa goti ili wanyanyue miguu, basi. Kuna watu wataona naogopa mno ila mchanga haujatengenezwa kumpokea mtu anayetoka juu na mgongo chini, na mrukaji wa upondo mwisho wake anatua na mgongo. Kimo kinasubiri godoro.

Pembeni ya hayo wakimbie. Mita 30 mara chache kwa spidi yote na kupumzika vya kutosha katikati, sio kuzunguka uwanja mpaka watapike. Wakishazoea, mita 20 wakiwa wamebeba upondo, ncha juu, mabega yametulia. Wananing'inia kwenye tawi la mwembe na kunyanyua magoti kifuani. Na kama kuna mtu anajua sarakasi mtaani kwenu mlete awafundishe kubiringika na kusimama kwa mikono, kwa mchezo huu hiyo ni dhahabu.

Jioni wakiwa wamechoka wakusanye kwenye simu moja, bando la mtu mzima, muangalie mruko mmoja wa Duplantis mara nyingi, polepole. Usiwaonyeshe anavyovuka juu, hiyo wameshaiona. Waonyeshe hatua za mwisho kabla ya kisanduku, jinsi ncha inavyoshuka taratibu huku mikono inapanda, na jinsi hapunguzi mwendo hata kidogo. Waulize mkono wa juu uko wapi mguu unapoacha ardhi. Watajibu wenyewe. Sheria wataelewa humohumo: majaribio matatu, ukikosa matatu mfululizo umetoka, unaruhusiwa kuruka kimo fulani bila kujaribu ukasubiri cha juu, na mtambaa ukiguswa ukatikisika lakini haukuanguka ni halali. Na wasichana waonyeshwe pia Yelena Isinbayeva wa Urusi, 5.06 Zurich mwaka 2009, ili pasiwe na mtu wa kuwaambia huu ni mchezo wa wavulana.

Ukiona mtoto kafika mahali mchanga haumtoshi, yaani anashika mkono mzima juu ya ile tepu nyekundu na bado upondo unafika wima kila mara, hapo usiendelee mwenyewe. Nenda kwa afisa michezo wa wilaya, Ilemela au Nyamagana, umpeleke na daftari lako lenye tarehe na vipimo, afu kwa chama cha riadha cha mkoa, uulize godoro la kuangukia na upondo wa faiba. Barua yenye vipimo inasomwa tofauti na barua ya maombi matupu. Shule mbili tatu zikiungana zinaweza kuomba pamoja na kutumia seti moja kwa zamu.

Upondo wa faiba ukipatikana, hata kama ni wa msaada na umetumika, kabla mtoto hajaushika usome maandishi yake, una namba ya urefu na namba ya uzito wa mrukaji. Pitisha kiganja taratibu kuanzia ncha mpaka juu utafute mkwaruzo wowote wenye kina. Kama mtoto ana kilo 45 na upondo umeandikwa 40, usimpe, hata kama ndo huo pekee uliopo na watoto wote wamepanga mstari wanasubiri.