Hao Si Vifaranga, Ni Samaki Wazee Waliodumaa

Msimu wa kupandikiza samaki bwawani ukifika, mabonde ya Kasulu na Buhigwe, mkoani Kigoma, hujaa ndoo. Mfugaji anakwenda kwa jirani, anavuliwa ndoo mbili za sato wenye urefu wa kidole, anarudi akiamini amepata vifaranga kwa bei ya bure. Miezi minane baadaye anavua samaki wa urefu uleule, ila sasa ni maelfu. Lawama zinakwenda kwa pumba, kwa maji, hata kwa jicho la jirani.

Jamani, udogo wa samaki si umri. Sato wa bwawani huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hadi minne, na aliyedumaa huzaa akiwa na gramu 30 tu. Jike akishataga huyakusanya mayai mdomoni na kuyaatamia humo, kisha huendelea kuwalinda watoto. Kazi hiyo humchukua wiki moja hadi mbili, na muda wote huo karibu hali kitu. Maji yakiwa na joto la nyuzi 24 na zaidi, anarudia baada ya wiki nne hadi sita. Pumba unayomwaga inalisha uzazi, minofu haiongezeki.

Kabla hujalipa, chota kumi kutoka ndooni, uwatazame kwenye mwanga. Aliyedumaa ana kichwa kikubwa na macho makubwa juu ya mwili mwembamba. Mbonyeze tumbo taratibu kuelekea mkiani: akitoa mayai ya njano au maji meupe, huyo ni mzazi. Mfungue na mdomo, uone kama ana mayai au watoto. Akikutwa hata mmoja wa namna hiyo, acha ndoo hapohapo. Kifaranga wa kupandikiza awe na gramu 2 hadi 5.

Bora zaidi ni kununua madume tupu, kwa kuwa dume hukua haraka kuliko jike. Ila muulize muuzaji swali moja: chakula chenye homoni ya kuwafanya wote wawe madume walianza kupewa lini, na kwa siku ngapi? Jibu sahihi ni tangu walipoanza kula, kwa siku 21 hadi 28. Akikwambia walianzishiwa wakiwa wameshafikia urefu wa kidole, amekuuzia mchanganyiko.

Asiyepata madume tupu awakuze hadi gramu 30 au 50, kisha awachambue mmoja mmoja kwa kutazama nyuma ya tumbo: dume ana matundu mawili, jike matatu. Paka wino kidogo ili yaonekane. Hata mzoefu hukosea, kwa hiyo ongeza kambale mmoja kwa kila sato kumi hadi ishirini, ale watoto watakaozaliwa. Kambale awe mdogo kuliko sato, la sivyo atakumalizia mtaji.

Wapo wanaonunua madume kwa gharama kubwa, halafu wanawamwaga kwenye bwawa ambalo halikukaushwa. Vidimbwi vilivyobaki kwenye tope vina watoto wa mwaka jana, majike kwa madume. Kausha mpaka udongo upasuke, walau wiki mbili, na penye kidimbwi kisichokauka mwaga chokaa. Mdomo wa bomba la kuingizia maji ufungwe wavu wa matundu madogo, maana mfereji wa mtoni nao huleta perege, ndugu wa sato.

Idadi ni samaki wawili hadi watatu kwa mita moja ya mraba. Pima bwawa kwa kamba, urefu mara upana: la mita 10 kwa 20 linachukua 400 hadi 600, basi. "Ndoo mbili" si kipimo! Hesabu vichwa.

Juni na Julai maji ya huku milimani hupoa na samaki hula kidogo; usiwaongezee chakula ukidhani utawaharakisha, kitaozea chini. Mambo yakienda sawa, utavua wa gramu 250 hivi miezi sita hadi minane baada ya kupandikiza.

Wale waliodumaa msiwamwage mtoni. Mto Ruchugi unaingia Mto Malagarasi, na Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, lenye perege wake ambaye kwa asili hapatikani kwingine duniani. Sato akitoroka huweza kuzaana na perege wa asili, na mbegu ikishachanganyika haitenganishwi. Wakaangeni, au wakausheni muwasage kuwa chakula cha kuku.