Jina la Kiayalandi la mtoto: litafute kwenye ukoo, si kwenye orodha

Dada zetu walioolewa huku Ayalandi wakishika mimba hunipigia simu na swali lilelile: tumpe mtoto jina gani la Kiayalandi ambalo si la kila mtu? Mimi ni Mkikuyu wa Nyeri, nimeolewa kaunti ya Cork, na jibu langu halijabadilika. Achaneni na orodha za majina mazuri. Anzeni na wazee wa upande wa baba mtoto.

Kevin na Brian ni majina ya Kiayalandi, na kwetu Kenya yamejaa kila darasa. Fiadh, linalosikika geni kabisa masikioni mwetu, liliongoza kwa wasichana waliozaliwa Ayalandi mwaka 2021. Ukichagua kwa kuvutiwa na ugeni wa sauti tu, mwanao atakuta wenzake watatu chekechea. Jina adimu lenye wenyewe mara nyingi liko tayari katika familia, ila limefunikwa na jina la Kiingereza.

Kwanza keti na mzee aliye hai. Mwulize nyanya yake aliitwaje jikoni, si kanisani wala kwenye karatasi. Muulize pia parokia na kitongoji, maana hapa kila kipande cha ardhi kina jina lake, na katika Cork watu wenye ukoo uleule na jina lilelile ni wengi mno. Bila kitongoji utamwenzi mtu asiye wenu.

Kisha fungua sensa za 1901 na 1911. Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi imeziweka mtandaoni bure, pamoja na picha za fomu zenyewe. Ya 1911 naipenda zaidi kwa sababu iliwauliza wake walioolewa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Tazama vilevile safu ya lugha. Ukiona imeandikwa Kiayalandi na Kiingereza, jua kwamba mle ndani watu waliitana kwa majina mengine. Sensa za kabla ya hapo usizihangaikie sana: nyingi ziliteketea Dublin mwaka 1922, jengo la Four Courts liliposhambuliwa, na nyingine serikali ilikuwa imeshaziharibu. Kwa miaka hiyo tumia kumbukumbu za vizazi za serikali, zinazoanzia 1864, na vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki vilivyowekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa, navyo ni bure. Vingi vimeandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo James utamkuta Jacobus na William utamkuta Gulielmus.

Sasa ndipo kazi yenyewe. Shule zilifundisha kwa Kiingereza, karani aliandika Kiingereza, padri Kilatini. Kila jina la Kiayalandi likapewa mwenzake, mara nyingi bila uhusiano wowote wa maana. Tadhg akaandikwa Timothy. Diarmaid akawa Jeremiah. Conchúr akawa Cornelius, Donncha akawa Denis, Sadhbh akawa Sally, Síle akawa Julia. Familia ya Cork au Kerry yenye akina Jeremiah na Cornelius wengi si kwamba ilipenda Biblia na Warumi kuliko majirani; nyuma yao wamesimama akina Diarmaid na Conchúr.

Kwetu ilikuwa Abigail. Mama mkwe wangu huitwa Abbey, na jina hilo alilirithi kwa nyanya yake, ambaye sensa inamwonyesha kama Abigail, msichana anayejua lugha zote mbili. Kwa watu wa sehemu hizi, Abigail mara nyingi ni Gobnait. Nilipomuuliza mama mkwe, alijibu bila kufikiri: ndiyo, nyumbani hakuna aliyemwita vingine. Gobnait ni mtakatifu wa Baile Bhuirne, kijiji cha hapa Cork, msimamizi wa nyuki, na sikukuu yake ni tarehe 11 Februari. Siku hiyo watu hupima utepe kwenye sanamu yake ya kale ya mbao, wakaenda nao nyumbani kuuweka kwa ajili ya wagonjwa. Babu yangu Nyeri alitundika mizinga maisha yake yote. Sikuhitaji kushawishiwa zaidi.

Hapa ndugu zangu Wakikuyu nisikilizeni vizuri. Waayalandi wa zamani walikuwa na utaratibu kama wetu: mtoto wa kiume wa kwanza kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Kwa wavulana hakuna ugomvi. Kwa wasichana tunapishana, kwani binti wa kwanza wa kwetu humrithi nyanya mzaa baba, wa kwao humrithi nyanya mzaa mama. Maana yake ni kwamba mila yangu ilimpa heshima mama mkwe, na mila ya mume wangu ikampa heshima mama yangu. Binti yetu ni Gobnait Nyambura, na kila nyanya ana somo wake.

Kama karatasi hazikupi kitu, nenda kwa mtakatifu wa mahali walikotoka. Rosscarbery wana Fachtna, Ardmore wana Declan, Tuam wana Iarlaith, Killeedy kule Limerick wana Íte, Tydavnet ya Monaghan wana Damhnait. Jina la namna hii linataja udongo wa wazee hata kama hujampata aliyelibeba.

Kabla ya kuamua, lisome kwa sauti mbele ya pande zote mbili. C ni k daima. S ikikaa na e au i huwa sh. Bh na mh husomwa v au w. Dh na gh katikati ya neno mara nyingi humezwa. Kwa hiyo Tadhg ni Taig, Sadhbh ni Saiv, Gobnait ni Gobnit. Mama yangu husema Gobuniti, na mtoto huitika. Uliza na maana pia: Síofra ni zuri kusikia, lakini katika masimulizi ni mtoto wa majini aliyeachwa mahali pa mtoto wa watu, na nyanya mwingine hatalifurahia.

Kuandikisha hufanywa ndani ya miezi 3. Nenda na jina limeandikwa kwenye karatasi, pamoja na vile vialama vya juu ya irabu, na ukague kila herufi kabla ya kutia sahihi, maana kurekebisha baadaye ni kazi. Mistari ya pasipoti inayosomwa na mashine haina vialama hivyo, jambo ambalo halina madhara. Utakapomwombea mtoto hati za Kenya, jaza fomu huku cheti cha kuzaliwa cha Ayalandi kiko mbele yako, usiandike kwa kichwa.