Kutafuta kwa mada katika maktaba za kidijitali: mwongozo kwa watafutaji na wakutubi wa Zanzibar

Ukiandika “mkarafuu” kwenye kisanduku cha kutafutia, ripoti iliyoandikwa “mikarafuu” haiji, wala tasnifu inayotaja “karafuu” tupu. Kwa mashine hayo ni maneno matatu yasiyojuana. Programu nyingi za maktaba, DSpace ikiwemo, zimezoea Kiingereza, ambacho neno lake hubadilika mkiani. Zinakata -s na -ing, basi. Kiswahili hubadilika kichwani. Hata ile nyota (*) inayosimama badala ya herufi zozote, inayofundishwa katika kila darasa la utafiti, haisaidii ikikaa mwishoni: mkarafuu* itakuletea mkarafuu, na labda mkarafuuni.

Dawa ya uhakika ni kuandika maumbo yote na kuyaunga kwa OR (yaani “au”) ya herufi kubwa: mkarafuu OR mikarafuu OR karafuu. Mifumo inayotumia injini ya Solr, kama DSpace, hukubali pia nyota ya mbele, yaani *karafuu, japo huchelewa kidogo kujibu. Ila angalia unapoikata. *vuvi itazoa mvuvi, wavuvi na uvuvi, lakini haitagusa “samaki waliovuliwa”. Ukiifupisha ikawa *vua, utaletewa mvua za masika na za vuli zote. Google haiijui kabisa nyota ya namna hii. Huko bakia na OR.

Viunganishi wa, ya, cha na za viache nje. Rekodi nyingi hazina matini kamili, zina kichwa na muhtasari tu. Ukitafuta kilimo cha mwani kwenye mfumo unaolazimisha maneno yote yawepo, rekodi iliyoandikwa “Wakulima wa mwani Paje” inakosa kilimo, inakosa na cha. Andika mwani AND (kilimo OR ukulima OR mkulima OR wakulima). Mabano yasisahaulike, maana bila ya hayo mfumo unaweza kuambatisha AND kwenye neno la kwanza tu na yaliyobaki yakaelea.

Neno likiwa sahihi, bado linaweza kuwa na wenyewe wawili. Dagaa ni mfano mzuri. Wa kwetu wanaoanikwa Unguja na Pemba ni samaki wa baharini, jamii ya Engraulidae. Lakini katika maktaba za vyuo vya Bara, “dagaa” aghalabu ni wa Ziwa Victoria, Rastrineobola argentea, samaki mwengine kabisa. Usikimbilie kuandika NOT Victoria, kwani utafukuza hata makala nzuri ya Zanzibar iliyotaja ziwa hilo mara moja kwa kulinganisha. Ongeza badala ya kutoa:

dagaa AND (Zanzibar OR Unguja OR Pemba)

kisha fanya utafutaji wa pili kwa Engraulidae au Stolephorus (jenasi mojawapo ya jamii hiyo) pamoja na Zanzibar, kwa sababu makala nyingi za sayansi ya bahari zimeandikwa kwa Kiingereza na neno dagaa halimo. Ugonjwa wa mikarafuu uliosumbua wataalamu tangu enzi za ukoloni una tabu kama hiyo: kwa Kiingereza uliitwa “sudden death”, na ukitafuta maneno hayo peke yake utajazwa makala za magonjwa ya moyo ya binadamu. Weka “clove” au Syzygium aromaticum pembeni yake.

Majina ya kisayansi nayo huhama. Mkarafuu katika maandiko ya zamani ni Eugenia caryophyllata au Eugenia aromatica. Mwani unaoitwa cottonii sasa ni Kappaphycus alvarezii, na spinosum ni Eucheuma denticulatum. Kima punju amepitia Colobus kirkii, kisha Procolobus kirkii, leo ni Piliocolobus kirkii. Kwa kima huyu hila ni rahisi: tafuta sehemu isiyobadilika, kirkii, ukiiambatanisha na Jozani au Zanzibar. Peke yake haitoshi, kwa kuwa kuna hata paa mdogo wa Bara mwenye jina la kirkii.

Majina ya mahali ndiyo yanayochosha zaidi. Katika sensa ya 2012 Wilaya ya Magharibi ilikuwa moja. Katika sensa ya 2022 zipo Magharibi A na Magharibi B, kwa hiyo anayetafuta takwimu za miaka mingi atafute zote tatu. Na hiyo herufi A ina balaa lake. Katika orodha ya Kiingereza ya maneno ya kupuuzwa, “a” imo. Mfumo wenye orodha hiyo unapoletewa Kaskazini A huitupa A na kutafuta Kaskazini tu, nawe unapata Kaskazini B, Kaskazini Pemba na chochote chenye upepo wa kaskazini. Tumia kichujio cha mahali kilicho pembeni ya matokeo, kama kipo, kwani hicho hushika jina zima. La sivyo tafuta kwa jina la shehia: Nungwi, Matemwe, Kidoti.

Ng'ambo na Jang'ombe zijaribu kwa namna tatu: kwa alama iliyonyooka, kwa alama iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe, na bila ya alama yoyote. Kwa kompyuta hizo ni herufi tofauti. Pia Wete na Weti, Chake Chake na Chakechake, Barghash na Bargash.

Jambo la mwisho kwa mtafutaji: si kila kilichoandikwa kuhusu Zanzibar kimehifadhiwa Zanzibar. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo tasnifu za mwani na pweza zitafute kwenye hifadhi ya chuo hicho, si ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) pekee. Jarida la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi ya Bahari ya Hindi ambayo makao yake yapo hapa hapa, utalipata kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika.

Sasa upande wa mkutubi, ambako saa moja ya kazi huwaokolea mamia ya watu muda wao. Tazama rekodi kama hii, ya aina inayopatikana kila mahali:

Kichwa: Ripoti ya mwisho
Mada: Kilimo, Zanzibar, Utafiti

Maneno matatu ya mada na hakuna hata moja linalofaa. “Utafiti” linaihusu kila rekodi ya chuo, na “Zanzibar” katika maktaba ya Zanzibar halichuji kitu. Isitoshe, yote yametiwa kwenye sehemu moja na kutenganishwa kwa mkato, kwa hiyo mfumo unayasoma kama mada moja ndefu isiyolingana na nyengine yoyote. Ifanye hivi (dc.subject ni sehemu ya mada, dc.coverage.spatial ni ya mahali):

dc.subject: Mikarafuu
dc.subject: Magonjwa ya mimea
dc.subject: Cloves
dc.coverage.spatial: Micheweni, Pemba

Mada 3 hadi 6 zatosha. Kwa Kiswahili chagua umbo moja, wingi kwa vitu vinavyohesabika, na ulishike kila siku. Neno la Kiingereza lichukue kwenye orodha iliyokwisha kutengenezwa usijitungie: AGROVOC ya FAO kwa kilimo na uvuvi, ambayo ina istilahi za Kiswahili pia ingawa si zote, MeSH kwa afya, na vichwa vya mada vya Library of Congress kwa mengineyo.

Kusahihisha rekodi moja moja ni adhabu. Katika DSpace toa metadata (maelezo ya rekodi) ya mkusanyo kwa faili la CSV, ulifungue kwa LibreOffice Calc ukichagua UTF-8. Excel hupenda kugeuza tarehe na kuharibu herufi. Thamani zaidi ya moja ndani ya kisanduku kimoja hutenganishwa kwa ||, bila ya nafasi. Safu ya id usiiguse. Jaribu rekodi 5 kwanza, uone zimekaa, ndipo urudishe zilizobaki.

Visawe viandike kwenye faili la synonyms.txt la Solr, mstari mmoja kwa kila familia:

mkarafuu,mikarafuu,karafuu
mvuvi,wavuvi,uvuvi

Anzisha Solr upya, kisha ujenge faharasa upya kwa dspace index-discovery -b. Visawe vya neno moja moja hufanya kazi vizuri. Vya maneno mawili matatu huleta vituko, bora uviache.

Nyaraka zilizopigwa skani ni habari nyengine. Fungua PDF, jaribu kukoloza neno kwa kipanya. Lisipokolea, hiyo ni picha tu na hakuna utafutaji utakaoifikia. Skani kwa dpi 300, kisha igeuze picha iwe matini kwa programu ya ocrmypdf:

ocrmypdf -l swa+eng --deskew --rotate-pages ya_zamani.pdf mpya.pdf

Pakiti ya lugha ya swa (Kiswahili) ya Tesseract, injini inayosoma herufi kwenye picha, iwekwe kwanza. Bila yake amri hiyo hugoma, na ukiiondoa swa matini husomwa Kiingereza na ng' inaweza kugeuka takataka. Amri ikigoma ikisema faili lina matini tayari, ongeza --skip-text, au --force-ocr kama matini hayo ni mabovu. Baada ya kupakia endesha dspace filter-media ili matini yachukuliwe. Katika DSpace 7.3 na kuendelea kikomo cha awali ni herufi 100,000 kwa faili, takriban kurasa 40 hadi 50, na sura za mwisho za tasnifu ndefu hazitafutiki. Kipandishe kwenye textextractor.max-chars kama kumbukumbu ya seva inaruhusu.

Kabla ya kubadilisha chochote, andika maswali 20 ambayo wasomaji huuliza kweli, kwa maneno yao wenyewe, na kwa kila moja hesabu mangapi kati ya matokeo 10 ya mwanzo yanafaa. Rudia baada ya kazi. Kila mwezi toa orodha ya maneno yaliyotafutwa yakaleta sifuri. Lile ambalo unajua kitu chake kimo ndani, lipeleke kwenye faili la visawe siku hiyo hiyo.