Kabla hujaanza kunywa mwarobaini, cheki ini na figo kwanza

Mwarobaini upo kila kona, unaingia uani kwa jirani unachuma bure, ndo maana watu wanaunywa kama chai na ukiuliza unajibiwa "hiyo asili tu haina kemikali". Jamani, chochote ukinywa ini ndo linakichakata na figo ndo zinatoa mabaki, haziulizi kimetoka famasi au mtini.

Cha kwanza ni dawa unazotumia tayari, na hapa ndo wengi wanaumia. Mtu yuko kwenye dozi ya TB, mle ndani kuna isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zote zinajulikana kwamba zinaweza kuumiza ini, sasa we unaongezea vikombe vya mwarobaini kimyakimya, macho yakigeuka njano daktari ataanzia wapi? Mwenye kisukari naye aangalie, mwarobaini unashusha sukari, ukikutana na insulini au vidonge vya sukari kama glibenklamidi unaweza ukadondoka. Na kama unameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya mgongo, hizo figo zina mzigo tayari. Sema ukweli hospitali, hata kama nesi atakukata jicho.

Halafu mafuta ya mbegu siyo majani. Mafuta ni ya kupaka, hayanywewi, na mtoto ndo kabisaa usimpe hata kijiko: wapo watoto wachanga waliopewa wakaishia kutapika, kulegea, degedege, ini likajaa mafuta, na wengine walifariki. Mjamzito au anayetafuta mimba aachane na mwarobaini kabisa.

Kipimo nacho ni shida, huyu anachemsha vijani vichache, yule anajaza sufuria inachemka mpaka maji yanakuwa meusi tii, wote wanasema "nusu glasi". Cha kidumu cha barabarani ndo hujui hata kimechanganywa na nini, kwa Tanzania uliza kama dawa imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, muuzaji akianza kubabaika ondoka.

Kama ulishawahi kuugua homa ya ini au una presha ya muda mrefu, pima kreatinini (kipimo cha damu cha figo) na vipimo vya ini kabla, siyo baada.

Ukishaanza ukaona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au umepungua, miguu inavimba, mwili unawasha, acha siku hiyohiyo uende hospitali, na hilo dumu beba nalo waone ulichokuwa unakunywa.