Kuitoa nembo peke yake kwenye picha na kuifanya vekta

Ukiletewa picha ya kadi ya zamani, na unachohitaji kuchapa kwenye bango ni nembo tu, usiikuze picha nzima na kuichapa vivyo hivyo. Kingo zitavunjika vigaevigae. Toa umbo la nembo peke yake kwa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, uligeuze kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari usioharibika ukikuzwa.

Kwanza ongeza ukubwa wa picha mara 3 au 4. Watu wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo inayoamua kazi, kwa sababu kwenye picha ndogo mstari hufuata ngazi za pikseli (vijidoa vya rangi vinavyounda picha) na mikunjo yote hutoka na meno. Kisha bonyeza U upate “Fuzzy Select”, kifaa cha kuchagua eneo lililoungana lenye rangi inayofanana, uguse nembo. Ukishikilia Shift unaongeza sehemu iliyobaki nje. Ukishikilia Ctrl unapunguza iliyozidi. Hapa usiwe na haraka, kuza uone kila kona.

Ukiridhika, nenda “Select”, halafu “To Path”. Fungua dirisha la “Paths”, bofya kulia kwenye mstari mpya, chagua “Export Path”, uhifadhi kwa jina linaloishia na .svg.

Faili hilo lifungue kwa Inkscape, programu ya kuchora vekta. Utaona mstari mweusi mtupu bila rangi ndani. Ni kawaida, ujaze mwenyewe. Nukta za mstari huo zikiwa nyingi mno, Ctrl+L huzipunguza, ila mara moja inatosha, maana ukirudia herufi huanza kupoteza ncha zake.

Kwa picha ya uso wa mtu sikushauri njia hii. Inafaa nembo, mihuri na maandishi yenye rangi bapa.